Aliyezima Si Aliyeharibu

Neno la kwanza ambalo watu hulisema kompyuta inapokataa kuwaka ni "imekufa." La pili ni swali: "Nani aliigusa mwisho?" Nimeyasikia hayo mawili, kwa mpangilio huo huo, katika ofisi nyingi nilizoitwa, nami nimekuja kuamini kwamba yana kasoro ya namna moja. Lile la kwanza hutangaza msiba kabla ya mgonjwa kupimwa. Lile la pili humtafuta mwuaji kabla ya maiti kuonekana. Kosa la kwanza hugharimu fedha, kwani watu hununua diski mpya ilhali ya zamani ni nzima. Kosa la pili humgharimu mtu jina lake. Kwa hiyo ningependa, ndugu msomaji, tuyatazame kwa utulivu maswali mawili. Je, aliyekuwapo kosa lilipoonekana ndiye aliyelitenda? Na je, kazi ya fundi huishia pale mashine inapowaka?

Ili tuelewane, sina budi kueleza kidogo jinsi kompyuta inavyoamka. Nazungumzia zile zinazoendeshwa na mifumo ya ukoo wa Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani. Katika ukoo huo yumo Linux, aliyeanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki. Huyu tunaweza kumwita mjukuu wa kulea, kwa maana hakuzaliwa na maandishi ya wazee wale, ila alifuata mila zao zote. Ndiye anayeendesha sehemu kubwa ya seva tunazokutana nazo katika vyuo, benki na vyama vya ushirika.

Kuamka kwa kompyuta ni fumbo. Ukitaka kusoma diski unahitaji programu, na programu yenyewe imo ndani ya diski. Wenye Kiingereza chao walilipa tendo hili jina lililotokana na msemo wa mtu anayejinyanyua kutoka chini kwa kuvuta vitanzi vya viatu vyake mwenyewe. Njia ya kulifumbua fumbo hilo ni kwenda kwa hatua ndogo ndogo, kila hatua ikijua kidogo tu zaidi ya ile iliyotangulia. Katika mashine za zamani, programu fupi iliyomo ndani ya bodi husoma baiti 512 za mwanzo wa diski. Kati ya hizo, 446 ni maagizo, 64 ni orodha ya sehemu za diski, na 2 za mwisho ni muhuri wa kuthibitisha. Mashine za siku hizi hutumia utaratibu mwingine, wa kusoma faili kamili kutoka sehemu maalumu ya diski, lakini wazo ni lile lile.

Baada ya hapo kipakiaji, ambacho mara nyingi huwa GRUB, hupokea kazi. Hicho hukitafuta kiini cha mfumo pamoja na furushi dogo liitwalo initrd, na kuviingiza vyote viwili katika kumbukumbu. Furushi hilo ni kama mkoba wa fundi. Humo zimo zana ambazo kiini huzihitaji ili kuitambua diski. Kiini kikishapata zana zake huifungua diski, humwita mtumishi wa kwanza, mwenye namba 1, naye huwaita wengine wote. Ni mbio za kupokezana vijiti. Hakuna mkimbiaji anayemwona yule aliyeanza. Kila mmoja hutegemea tu kwamba kijiti kitafika mkononi mwake.

Palikuwa na kipakiaji kimoja cha zamani kilichoitwa LILO, ambacho uendelezaji wake ulisimama mwishoni mwa mwaka 2015. Nilikipenda kwa uaminifu wake. Kilikuwa kikiandika jina lake kwenye kioo herufi moja moja kadiri kazi ilivyokwenda. Kikiandika L peke yake, ulijua kwamba hatua ya kwanza imefika lakini ya pili haikuweza kusomwa. Kikiandika LI, hatua ya pili imesomwa lakini imeshindwa kuanza. LIL ilikuwa na maana yake, na jina likitimia, LILO, basi mambo yalikuwa shwari. Hakikusema "diski imekufa" wala hakikumtaja mtu. Kilisema tu: nimefika hapa. Sijui ni wanadamu wangapi tungeweza kutoa ushahidi wa namna hiyo, wa kusema tulichokifikia na kunyamaza pale ujuzi wetu unapokoma.

Sasa jambo la kuzingatia ni hili. Katika mbio za vijiti, kijiti kikianguka, anayepiga kelele ni yule aliyenyoosha mkono asipewe kitu. Yeye ndiye anayesikika, naye ndiye mwenye hatia ndogo kuliko wote. Kiini cha Linux kinapokwama huandika kwamba kimeshindwa kufungua diski kuu kwenye kifaa kisichojulikana, na mbele yake huweka namba mbili: (0,0). Wasomaji wengi huliona neno la diski tu, wakahukumu. Lakini zile sifuri mbili zinasema jambo jingine kabisa, kwamba kiini hakijatambulishwa kwa diski yoyote. Mtu akisema "sijamwona Juma," hajasema kwamba Juma amefariki. Huenda Juma yupo chumba cha pili, na mwenye ufunguo wa mlango hakuja kazini. Wahenga walisema mjumbe hauawi, nasi bado tunawaua wajumbe kila siku.

Wakati mwingine hata ushahidi ulio wazi huhitaji kusomwa kwa makini. Diski za siku hizi hujiandikia daftari la afya zao. Mstari namba 5 huhesabu vipande vilivyoharibika na kuhamishiwa mahali pengine. Namba 197 huhesabu vile vinavyotiliwa shaka. Namba 199 huhesabu data iliyoharibika njiani, kati ya diski na bodi. Namba 5 na 197 zikipanda, diski yenyewe inaumwa. Lakini 199 ikipanda peke yake huku nyingine zikiwa sifuri, mara nyingi mkosaji ni waya wa shilingi elfu chache tu. Nimewahi kuokota diski nzima katika pipa la taka la ofisi, huku waya mbovu ukiwa umeachwa ndani ya mashine, ukiisubiri diski mpya ili nayo iharibiwe jina.

Ipo pia hatari ya mkono mwepesi. Mifumo hii ina programu iitwayo fsck, ambayo kazi yake ni kukagua mpangilio wa mafaili. Inapoona kasoro huuliza: nirekebishe? Inaweza kuuliza mara mia. Fundi mvivu huiendesha kwa alama ya -y, maana yake ndiyo kwa kila swali, hata lile ambalo hajalisoma. Mafaili yaliyopotelewa na wazazi hutupwa katika kabati liitwalo lost+found, yakiwa na namba badala ya majina, na mwenye mali huachiwa kazi ya kuwatambua watoto wake kwa sura. Ipo alama nyingine, -n, yenye maana ya hapana kwa yote: kagua, niambie, usiguse. Mimi hufundisha vijana kuanza na hapana. Diski ya mtu mwingine ni amana. Soma kwanza; kuandika kutakuja baadaye, kama kutahitajika. Na kama diski inatoa dalili za kufa kweli, inakiliwe yote kwanza kabla ya tiba yoyote, kwa kuwa tiba ya kukurupuka juu ya diski dhaifu ndiyo huimaliza.

Baada ya kusema hayo, niwasimulie kisa kimoja.

Mwaka 2016, wakati wa masika, niliitwa Morogoro na chama kimoja cha akiba na mikopo. Seva iliyotunza hesabu za wanachama ilikuwa imekataa kuwaka tangu asubuhi. Nilipofika, yapata saa tano, foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Wengi walikuwa akina mama waliokuja kuchukua fedha za mbegu, na mvua ilikuwa haimngoji mtu. Katika korido palikuwa na benchi, na juu yake ameketi kijana mmoja peke yake, mikono kaiweka katikati ya magoti. "Shikamoo, mzee," aliniamkia. "Marahaba, mwanangu," nikaitikia, nisijue kwamba huyo ndiye mshitakiwa.

Meneja alinieleza kabla sijaweka mkoba chini. "Fundi, yule kijana hapo nje ametuulia mashine. Jana jioni umeme ulikatika, akaenda akaizima kwa mkono wake. Tangu hapo haijainuka. Nimemwambia akae pale mpaka tujue hasara ni kiasi gani, maana itatoka kwenye mshahara wake." Kisha akanionyesha kioo. "Diski imekufa, soma mwenyewe."

Nilisoma. Zilikuwa zile sifuri mbili.

Niliiwasha mashine kwa flashi niliyokuja nayo, bila kuandika chochote kwenye diski yao, nikafungua daftari la afya. Namba 5 ilikuwa sifuri, na 197 sifuri. Nikapitisha fsck kwa alama ya hapana; haikulalamika. Nikaiwasha tena kwa diski yake yenyewe, safari hii nikiizuia kwenye orodha ya GRUB. Palikuwa na viini kadhaa, kipya kikiwa juu. Nikachagua kile cha chini yake. Baada ya dakika mbili seva ilikuwa macho, na hesabu za wanachama zote zipo. Haikufika saa nzima tangu niingie. Makarani walipiga makofi, foleni ikaanza kusogea, na meneja akaniuliza anilipe kiasi gani.

Hapo ningeweza kufunga mkoba. Kazi niliyoitiwa ilikwisha. Lakini mlango ulikuwa wazi, na kijana alikuwa bado kwenye benchi. Nilimwuliza meneja kama angemruhusu arudi ndani. Akatikisa kichwa. "Huyo bado ana hesabu ya kujibu. Bahati yake umefika wewe, vinginevyo angetumaliza."

Nilimwomba anipe saa mbili zaidi, zisizo za malipo. "Za nini, fundi, na mashine inafanya kazi?" Nikamjibu kwamba imeamka, lakini hatujajua kwa nini ilishindwa kuamka.

Kitu cha kwanza nilichokitafuta ni habari za jioni ile. Mifumo hii huandika kila kuingia na kutoka kwa watu, na kila kuwashwa na kuzimwa. Ilikuwa imeandika kwamba mashine ilizimwa saa 18:40, yaani saa 12:40 jioni kwa hesabu yetu, kwa amri halali na kwa utaratibu. Huduma zilifungwa moja baada ya nyingine, diski ikafungwa mwisho, na betri ya akiba ilikuwa bado ina nguvu. Kijana hakuchomoa waya. Alifanya kile ambacho ningemwagiza afanye kama ningekuwapo. Kama angeiacha mpaka betri iishe, mashine ingeanguka ghafla katikati ya kuandika hesabu za watu.

Kisha nikafungua folda ya /boot, mahali viini vinapohifadhiwa. Kile kiini kipya kilikuwapo, lakini kilikuwa mjane: initrd yake haikuwapo. Viini vya zamani vilikuwa na mafurushi yao kamili. Hicho kipya kilisimama peke yake, na tarehe yake ilikuwa ya Novemba 2015. Sehemu hiyo ya diski ilikuwa na nafasi ya megabaiti 240 hivi, na ilikuwa imejaa pomoni kwa viini ambavyo hakuna aliyeviondoa. Mwisho nikachimba katika kumbukumbu za programu inayoweka programu, zile za miezi iliyopita zilizokwisha kubanwa. Pale pale, usiku mmoja wa Novemba, ulikuwapo mstari uliosema kwamba furushi halikuweza kuandikwa kwa kuwa nafasi imekwisha. Baada ya mstari huo hakuna amri nyingine. Mtu aliyekuwa akifanya kazi ile, fundi wa mkataba kutoka nje ya chama, aliondoka.

Aliwezaje kuondoka na asigundulike? Kwa sababu kiini kilicho kazini hukaa katika kumbukumbu. Ukibadilisha kilichomo diskini, kile kilicho kazini hakina habari. Huendelea kama kawaida. Meneja mwenyewe alinithibitishia, tena kwa fahari, kwamba seva yao haikuwa imezimwa tangu Agosti ya mwaka uliotangulia. Yaani kuanzia usiku ule wa Novemba, kwa muda wa miezi mitano, chama kilikuwa kikitegemea mashine iliyoweza kufanya kazi lakini haikuweza kuamka. Angeizima meneja, ingekuwa vile. Angeizima mlinzi, ingekuwa vile. Ningeizima mimi, ingekuwa vile vile. Kilichobaki kuamuliwa na majaliwa ni nani tu atakayekuwa na kidole kwenye kitufe siku hiyo, na kidole kikawa cha mdogo kuliko wote ofisini.

Niliondoa viini vya zamani, nikatengeneza furushi lililokosekana, nikasahihisha orodha ya GRUB. Jioni, wanachama walipokwisha, nilimwita kijana nikamwomba aizime mashine na kuiwasha yeye mwenyewe, mara mbili, meneja akitazama. Mara ya kwanza hakuna aliyesema neno mpaka maandishi yalipotokea. Mara ya pili kijana alikuwa amekwisha kupata pumzi. Kisha nikaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida, wenye tarehe, saa, na ule mstari wa Novemba, nikauacha mezani. Meneja aliusoma wote kimya. Mshahara haukukatwa. Hakumwomba kijana radhi; alimwambia tu, "Kesho uwahi."

Sisi wa Afrika Mashariki tuna msemo: kuna mkono wa mtu. Tunaposhindwa kukubali kwamba jambo baya limetokea hivi hivi, tunautafuta mkono. Mwaka 1937 mwanaanthropolojia Mwingereza, Evans-Pritchard, alichapisha kitabu juu ya Wazande, watu wanaoishi Sudan Kusini, Kongo na jirani zake. Humo alieleza habari ya ghala lililowaangukia watu waliokaa chini yake kujikinga na joto. Wazande hawakuwa wajinga. Walijua vizuri kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Swali lao lilikuwa jingine: kwa nini lianguke saa ile, wakiwa wameketi watu wale? Hapo ndipo walipoutaja uchawi.

Tusiwacheke. Meneja wa Morogoro, mwenye elimu na kompyuta, aliuliza swali lilo hilo: kwa nini leo, na nani alikuwapo? Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na habari za mchwa. Mchwa walikuwa wa Novemba na kuketi kulikuwa kwa Aprili, na akili yetu hupenda kuviunganisha vitu vilivyo karibu kwa saa kuliko vilivyo karibu kwa sababu. Jibu la "kwa nini leo" katika mambo haya ni jepesi, nalo halina uchawi wala hatia. Ni leo kwa kuwa leo ndipo mashine ilipoulizwa swali ambalo ilikuwa haijaulizwa tangu ilipoharibika.

Mwanasaikolojia James Reason, katika kitabu chake juu ya makosa ya binadamu cha mwaka 1990, alitenganisha makosa ya papo hapo na makosa yaliyofichika. Ya papo hapo hufanywa na walio karibu na ajali, na matokeo yake huonekana mara. Yaliyofichika hufanywa mbali, na watu wengine, wakati mwingine miaka mingi kabla, yakalala mpaka siku yake. Nadhani kila mtu aliyetengeneza mashine analijua hili kwa mikono yake, hata kama hajawahi kusoma kitabu hicho. Kosa huzaliwa siku moja na kupewa jina siku nyingine, na mara nyingi hupewa jina la mtu asiye mzazi wake.

Hapa msomaji mwenye akili kali atanipinga, na ana haki. Atasema: ukianza kurudi nyuma namna hiyo, utaishia wapi? Yule fundi wa Novemba naye atasema nafasi ilikuwa ndogo. Aliyeigawa diski atasema alifuata kipimo kilichopendekezwa na programu. Meneja atasema aliagiza mashine isizimwe kwa ajili ya wanachama. Mwishowe hatia itasambazwa mpaka isionekane, kama chumvi baharini, na hakuna atakayewajibika kwa lolote.

Nimelifikiri pingamizi hilo kwa muda mrefu. Jibu langu ni kwamba kurudi nyuma kutafuta sababu ni jambo moja, na kugawa lawama ni jambo jingine. Hayatumii mizani moja. Sababu huweza kwenda nyuma bila kikomo. Lawama husimama kwa mtu aliyeweza kuona na aliyekabidhiwa kutazama. Kijana hakuweza kuona lolote. Fundi wa Novemba aliuona ule mstari, au ulipita mbele ya macho yake aliyolipwa ayatumie. Meneja hakuweza kuusoma, lakini yeye ndiye aliyefanya kutozima mashine kuwa jambo la fahari, asiulize kama ingeweza kurudi. Kwa kipimo hicho, hatia haiyeyuki. Inahama tu, ikatoka kwenye benchi ikapanda ghorofani, na huenda hiyo ndiyo sababu watu wengi hawapendi ihame.

Lipo swali la pili, la mipaka ya kazi ya fundi. Wenzangu kadhaa wameniambia kwamba mambo ya kijana hayakunihusu. Fundi si hakimu, wanasema, wala si wakili wa wafanyakazi. Kila ofisi ina kanuni zake. Nakubali kwamba mimi si hakimu. Lakini fikiri hali ilivyokuwa. Shahidi pekee wa tukio lile alikuwa ile mashine, na alizungumza lugha ambayo katika jengo lote niliijua mimi peke yangu. Nilikuwa mkalimani wa mahakama. Mkalimani akimsikia shahidi akisema maneno ya kumwokoa mshitakiwa, kisha akachukua ujira wake na kwenda zake kwa kuwa hakuulizwa, hawezi kusema kwamba hakuhusika. Ujuzi ambao wengine hawana huleta wajibu ambao wengine hawana.

Ni lazima niongeze sharti moja, ili nisieleweke vibaya. Kama kumbukumbu zingeonyesha kwamba kijana alichomoa waya mashine ikiwa inaandika, ningeliandika hilo pia, kwa saa na tarehe. Uchunguzi unaojua jibu lake kabla haujaanza ni utetezi, na utetezi, hata uwe wa mnyonge, haumsaidii mnyonge wa kesho. Nguvu ya ukurasa ule mmoja ilitokana na uwezekano kwamba ungeweza kusema kinyume. Meneja alilijua hilo, nadhani, na ndiyo maana hakubishana nao.

Tangu hapo nimekuwa nikiwashauri wenye mashine jambo ambalo huwashangaza. Nawaambia wazizime. Wazizime kwa makusudi, mchana, siku isiyo na foleni, fundi akiwa karibu, hasa baada ya mtu yeyote kubadilisha kitu. Mashine ambayo haijazimwa kwa mwaka mzima ina deni usilolijua kiasi chake, na mdai atakuja saa atakayoichagua yeye. Afadhali kumwita mwenyewe, kitabu kikiwa wazi.

Na itakapotokea hata hivyo, kwa maana itatokea, ninakuomba ulibadilishe lile swali la kwanza. Badala ya kuuliza nani aliigusa mwisho, uliza iliamka vizuri lini mara ya mwisho, na nini kimebadilika tangu siku hiyo. Swali hili linachosha. Linataka mtu akae asome mistari mingi isiyo na utamu, wakati foleni ipo mlangoni na wakubwa wamesimama nyuma ya kiti chake. Lakini ndilo linalofika mpaka Novemba.